Laptopu kuukuu, mfumo mpya: Windows 10, Windows 11 au Linux Mint? Tupime kwa draiva

Maalim mmoja wa Mkomani, hapa Lamu, aliniletea laptopu imefungwa ndani ya kikoi, isije ikarushiwa maji ya chumvi kwenye boti ya kutoka Mokowe. Alikuwa bara, na huko kijana mmoja akamtoa Windows 7 na kumtilia Windows 10. "Yawaka vyema, shekhe," akaniambia, "lakini waifai imeondoka na ile Windows ya zamani." Alipompigia simu yule kijana, akaambiwa apakue mtandaoni draiva ya waifai, yaani ile programu inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa. Mtandao gani tena, na waifai ndiyo hiyo imepotea? Ndoo imetumbukia kisimani pamoja na kamba yake.

Tangu 14 Oktoba 2025, siku ambayo utunzaji wa kawaida wa Windows 10 ulikoma, wanaopita dukani kwangu hapa Langoni wana swali moja: nibaki nilipo, nipande Windows 11, au nihamie Linux, ule mfumo wa bure ambao Mint ni toleo lake mojawapo? Wanatarajia niwatajie mfumo ulio bora. Mimi huwauliza printa yao ni ya aina gani. Kwenye mashine ya zamani yoyote kati ya mifumo hii mitatu yaweza kuwaka. Kinachokwama ni kipande kimoja kisicho na draiva, na mara nyingi ndicho kipande kinachomlisha mwenyewe.

Nikisema laptopu kuukuu nakusudia zile za mtumba zenye Core i5 au i7 za kizazi cha pili hadi cha saba. Kizazi husomwa kwenye tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-3320M ni ya tatu, i5-7200U ni ya saba. Yako ikiwa i5-8250U au ya baada yake, funga ukurasa huu uende zako, maana Windows 11 inaikubali rasmi mradi TPM 2.0 (kipande cha usalama) na Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka) ziwe zimewashwa kwenye bayosi, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine.

Vipimo vyetu

Nitaipima mifumo yote mitatu kwa mambo sita: waifai, skrini, printa, bando litakaloliwa, miaka iliyobaki ya matunzo, na urahisi wa kurudi ulikotoka ukijuta. Kasi sikuiweka. Kasi ya mashine hizi huamuliwa zaidi na diski: ukiitoa ile inayozunguka na kutia SSD, mifumo yote mitatu itakwenda, ukiiacha, yote itakuchosha, na Windows 11 ndiyo itakayokuchosha zaidi.

ChromeOS Flex, mfumo wa Google, nimeiacha nje kwa sababu moja. Haina mahali pa kutia draiva kwa mkono. Ikikitambua kifaa chako, vyema. Isipokitambua, huna la kufanya. Kama kazi yako yote iko ndani ya brauza, ijaribu kwa flashi na usikilize mashine itasemaje.

Kwanza iulize mashine yenyewe

Draiva ni mkalimani baina ya mfumo na kifaa. Wakalimani hawa hupotea kwa sababu chache zinazojulikana. Windows ya biti 64 haipokei draiva ya biti 32 hata uibembeleze vipi, na Windows 7 nyingi za zamani zilikuwa za biti 32. Kisha tangu toleo la 1607 la mwaka 2016, Windows 10 inataka draiva mpya zinazoingia kwenye kiini cha mfumo ziwe na saini ya Microsoft. Ukiona Code 52 kwenye Device Manager, ile orodha ya vifaa ndani ya Windows, ugomvi ni wa saini. Code 28 maana yake draiva haipo kabisa. Code 10, ipo lakini kifaa kimegoma kuanza. Kwa Linux mambo ni kinyume: draiva nyingi zimo ndani ya kiini chenyewe, kwa hiyo kifaa cha zamani kilichotumiwa na watu wengi hupata raha, na kile ambacho mtengenezaji wake alificha siri zake hupata taabu.

Basi kabla hujafuta chochote, fanya mambo matatu ukiwa bado kwenye mfumo wa zamani unaofanya kazi.

La kwanza, piga nakala ya draiva zote. Kwenye Windows 10, fungua dirisha la amri kama msimamizi, tengeneza folda iitwayo draiva kwenye flashi, halafu andika:

pnputil /export-driver * D:\draiva

D ikiwa ndiyo flashi yako. Ukikwama baadaye, Device Manager itakuuliza itafute wapi, nawe utaielekeza kwenye folda hiyo. Anayetoka Windows 7 amri hiyo haitamfaa; yeye apakue draiva za chipuseti, waifai na kebo ya mtandao kwenye tovuti ya aliyetengeneza mashine, angali ana mtandao.

La pili, andika namba za vifaa. Kwenye Device Manager bonyeza kifaa mara mbili, nenda Details, chagua Hardware Ids. Utaona mfano PCI\VEN_14E4&DEV_4727. Herufi baada ya VEN ni ukoo wa kifaa: 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom, 10EC ni Realtek, 168C ni Atheros, 10DE ni NVIDIA. Namba hiyo haidanganyi kama stika iliyobandikwa chini ya mashine. Ukiitafuta kwenye Microsoft Update Catalog, tovuti ya masasisho ya Microsoft, utaletewa draiva yenyewe, wala huhitaji zile programu zinazojinadi kuwa zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja. Hizo ziepuke. Nimezing'oa nyingi mno.

La tatu ndilo ninalolipenda: washa Linux Mint kwa flashi bila kuiweka, hata kama huna nia nayo kamwe. Inaendeshwa kutoka kwenye flashi na haigusi diski mpaka uiamuru. Kama waifai imekufa kwenye Windows lakini kwenye Mint inashika, basi kadi ni nzima na tatizo ni draiva. Kama imekufa kote kuwili, na amri ya lspci, ile ya Mint inayoorodhesha vifaa vya ndani, haiitaji hata kwa jina, basi acha kuhangaika na draiva, fungua kifuniko. Hapa kwetu hewa ya chumvi hula migusano ya kadi na tundu za USB, na nimeona watu wakibadilisha mfumo mara tatu kwa ajili ya kutu.

Waifai

Windows 10 na 11 zinakwenda sambamba hapa, kwa sababu draiva nyingi za biti 64 za Windows 10 hukubalika Windows 11 pia. Kadi za Intel na Atheros kwa kawaida hutambuliwa mara moja. Zisipotambuliwa, unganisha simu ya Android kwa waya na uwashe utumaji wa intaneti kupitia USB. Kompyuta huiona simu kama kebo ya mtandao, na Windows Update huitafuta draiva yenyewe. Ndivyo nilivyomtoa maalim kisimani, haikufika dakika kumi.

Kuna mtego mmoja hapo. Watu wetu wa bando hupenda kuiwekea simu alama ya metered, yaani mtandao wa kupimwa, ili Windows isile data. Alama hiyo huizuia pia isishushe draiva, mpaka uende kwenye mipangilio ya vifaa na kuiruhusu. Mtu hukaa siku nzima akingojea draiva ambayo amejikataza mwenyewe.

Mint huzibeba kadi za Intel na Atheros bila maneno. Broadcom ndiyo tabu: nyingi zinahitaji draiva isiyo huru, unayoiwasha kwenye Driver Manager. Usipokuwa na mtandao, ile flashi ya Mint uliyotumia kuweka mfumo hubeba draiva hizo, ichomeke tena. Vijiti vya waifai vya USB vya Realtek ni bahati nasibu. Vingine huwaka palepale, vingine hutaka kutengenezewa draiva kwa mkono, kazi ambayo simtakii mtu wa mara ya kwanza.

Na ukitaka kubadilisha kadi ya ndani, jihadhari: baadhi ya ThinkPad za zamani, kama X220 na T420, na laptopu kadhaa za HP, bayosi zake zina orodha ya kadi zinazokubalika, nyingine huikatalia mashine isiwake. Kijiti cha USB hupita nje ya sheria hiyo. Kukileta kutoka Mombasa ni basi na boti, na kusi ikivuma ngoja kidogo.

Skrini

Kizazi cha pili cha Intel, chenye HD Graphics 3000, hakikuandikiwa na Intel draiva ya Windows 10. Kinaishi kwa kile kinacholetwa na Windows Update. Kikikosa, utabaki na Microsoft Basic Display Adapter: herufi kubwa kubwa na mwangaza usiopungua. Kwenye Windows 11 hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa unaomba msaada kwa mfumo usioitambua mashine yako. Kizazi cha nne kwenda juu sina hofu nacho.

Kwa Mint, picha za Intel ni raha tupu, hata za kale. NVIDIA ya kale hubaki na draiva ya nouveau, ambayo inatosha kwa kuandika, brauza na kutazama mpira, lakini michezo mizito usiitaraje.

Printa

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa Lamu mwenye kibanda cha kutoa kopi na kuchapa barua hali waifai wala skrini, anakula printa.

Upande wa Windows 10 ndiko salama. Printa nyingi za miaka kumi na tano iliyopita zina draiva ya biti 64 kwa mtengenezaji wake. Kama ulikuwa kwenye biti 32 hakikisha unashusha ile ya biti 64, kisha chomeka printa baada ya kuweka draiva, si kabla, isipokuwa kitabu chake kimesema vinginevyo. Windows 11 hupokea nyingi za hizo hizo. Yapo machache yanayokwaruza, hasa programu za skana zilizoandikwa zamani.

Mint inategemea ukoo. Printa za HP nyingi zinaongozwa na HPLIP, programu ya draiva za HP, ambayo huja na mfumo. Zile ndogo kama LaserJet 1020 hudai kiongezi kinachopakuliwa kwa amri ya hp-plugin, kwa sababu hazina akili yake ndani na hupewa upya kila zinapowashwa. Nyingi za Epson za tangi la wino, zile za mfululizo wa L, zina draiva kwenye hazina ya Mint. Canon ndogo za leza zinazotumia lugha ya CAPT, LBP2900 ikiwa mojawapo, ndizo zinazotoa watu jasho. Zinawezekana, lakini ni safari. Printa mpya za mtandao zenye AirPrint huchapa bila draiva yoyote, na kwa hizo Mint haina shida.

Mama mmoja mwenye kibanda karibu na Ndia Kuu alinisikia nikiisifu Mint, akaniambia, "Mwanangu, sifa zako nzuri. Sasa chapa." Nikachomeka flashi, nikawasha, printa yake ikakataa kata kata. Akabaki Windows 10 siku ile ile, na sikuwa na la kumjibu.

Bando

Faili la Windows 10 ni karibu GB 6, la Windows 11 ni zaidi ya GB 5, la Mint chini kidogo ya GB 3. Juu ya hapo Windows zote mbili zitashusha masasisho ya mwanzo, gigabaiti kadhaa bila kukuuliza sana. Mint nayo ina masasisho, ila yangoja ubonyeze wewe, na draiva zake ni megabaiti chache. Ukiwa na jirani mwenye faiba, nenda kwake na flashi ya GB 8 au zaidi, upakue huko. Fundi wa mtaa mwenye faili tayari pia ni msaada, mradi uwe na hakika limetoka kwa wenyewe na si toleo lililopikwa upya na mtu asiyejulikana.

Miaka iliyobaki

Windows 10 haijafa kabisa. Upo mpango wa masasisho ya usalama ya ziada hadi 13 Oktoba 2026. Unaingia kwa dola 30, au kwa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bila malipo ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni. Lazima uwe kwenye toleo la 22H2. Defender, kinga ya virusi ya Windows, itaendelea kupokea taarifa za virusi hadi Oktoba 2028, lakini hilo halizibi matundu ya mfumo.

Windows 11 kwa mlango wa nyuma, yaani kwa programu kama Rufus inayoondoa masharti ya TPM, Secure Boot na RAM, itakupa mfumo ulio hai. Microsoft imesema waziwazi kuwa mashine ya namna hiyo haina haki ya masasisho. Kwa kawaida yale ya kila mwezi huja. Toleo jipya la mwaka haliji lenyewe, itabidi ulipandishe kwa mkono, nalo laweza kuongeza sharti. Ndivyo toleo la 24H2 lilivyowakata wenye Core 2 Duo: vichakato hivyo havina amri ya POPCNT, na mfumo hauwaki kabisa, hakuna hila ya kuupita.

Mint 22 ilitoka 2024 na inatunzwa hadi 2029, bure. Inataka biti 64 na RAM ya GB 2 kwa uchache. Mimi nasema GB 4.

Kurudi nyuma

Ukipandisha Windows juu ya ile iliyopo, una siku 10 za kurudi kwa kubonyeza tu, kupitia folda ya Windows.old. Usiifute kwa tamaa ya nafasi. Draiva moja ikiharibika baada ya sasisho, Device Manager ina kitufe cha Roll Back Driver. Ukiweka mfumo upya kwa kufuta diski, hakuna kurudi kwa Windows wala kwa Mint, ila kwa picha nzima ya diski uliyoihifadhi mapema. Clonezilla hufanya hivyo bure. Mint ina Timeshift, inayohifadhi hali ya mfumo: iwashe kabla ya kuchezea draiva ya NVIDIA, skrini ikiwa nyeusi utarudi jana.

Wewe uko upande gani?

Unategemea printa au skana ya zamani, au Excel yenye makro za ofisi, na mashine ni ya kizazi cha pili au cha tatu: baki Windows 10, ingia kwenye mpango wa ziada, na uanze kuweka akiba ya mashine nyingine kabla ya Oktoba 2026. Maalim yuko hapa.

Mashine ni ya kizazi cha sita au cha saba, ina SSD na RAM ya GB 8, na programu zako ni za Windows tu: Windows 11 kwa mlango wa nyuma inakufaa, ilimradi uwe mtu asiyeogopa kurudia kazi kila toleo jipya linapotoka. Kama huna moyo huo, wala fundi wa karibu, usiingie. Kwa kompyuta ya ofisi yenye siri za watu wengine nisingeiweka.

Unatumia brauza, WhatsApp, barua, LibreOffice na video, bando ni la kuhesabu, na printa yako imekubali ulipoijaribu kwa flashi: Mint. Mwanafunzi wa chuo na mwenye nyumba ya wageni kule Shela anayepokea nafasi za wageni kwa mtandao wako hapa.

Hujui uamue nini na diski ina nafasi: weka Mint kando ya Windows 10, ili mashine ikuulize kila inapowaka. Punguza kwanza sehemu ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, na uhifadhi faili zako nje.

Waifai pekee ndiyo inayokuzuia: usibadilishe mfumo kwa ajili yake. Nunua kijiti cha USB, lakini muulize muuzaji chipu iliyomo ndani. Akisema "zote ni sawa, bwana," mwombe akichomeke mbele yako kwenye laptopu yako mwenyewe, ikiwa imewaka kwa mfumo unaoutaka.